Karatasi za serikali na za polisi hapa Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina meza, kompyuta, printa na mashine ya fotokopi karibu na mahakama. Kazi yangu ni kuwapigia watu barua. Kabla sijagusa kibodi, mtu hukaa kwenye kiti cha plastiki na kuniuliza yaleyale aliyouliza wa jana. Nimeyakusanya hapa. Mimi si avoka, yaani wakili. Ikiwa mtu wenu yuko gereza la Kasapa au nyumba inataka kuuzwa, tafuteni avoka. Lakini mambo mengi hayahitaji avoka, yanahitaji namba, tarehe na barua yenye kashe (mhuri).

## Mambo ya kwanza

1. Mimi ni raia tu, sina cheo. Kweli nina haki ya kuomba karatasi ya serikali?

Unayo. Kifungu cha 24 cha Katiba ya 18 Februari 2006 kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Kifungu cha 9 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu kinasema vilevile, na nchi yetu iliuridhia mwaka 1987, ikiitwa bado Zaïre. Kuna pia ordonansi-sheria namba 23/009 ya 13 Machi 2023 juu ya uhuru wa vyombo vya habari na wa kupata habari. Hiyo ndiyo iliyochukua nafasi ya sheria ya 1996.

Haki ipo, mlango ndio haupo. Sijaona komini (manispaa) yenye dirisha lililoandikwa "Hapa raia anapewa karatasi". Ndiyo maana watu wengi nawaelekeza kifungu cha 27: kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, anaweza kumwandikia mkubwa wa serikali ombi, na mkubwa huyo anapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Kifungu hichohicho kinakataza mtu kushtakiwa kwa sababu ameandika. Nakipenda kuliko vyote kwa kuwa kina saa ndani yake. Kifungu cha 24 kinakupa haki, na cha 27 kinakuhesabia siku.

2. Wakiniuliza "unaitaka ya nini?", nijibu?

Inategemea karatasi. Zipo karatasi za wote: sheria, edi (sheria) za mkoa, bajeti, maamuzi ya bugumesta (mkuu wa komini), kandarasi za migodi. Hizo si siri ya mtu, na sababu yako ni yako. Zipo pia karatasi za mtu: PV (maelezo yanayoandikwa na polisi), cheti cha kuzaliwa, dosie (faili) ya hospitali, dosie ya kesi. Hapo lazima uonyeshe unahusika vipi: wewe ndiye mlalamikaji, ni mtoto wa marehemu, au umepewa karatasi ya uwakilishi (swali la 23).

Makosa mengi ninayoyaona yanatoka hapa. Mtu anaomba bajeti kwa unyenyekevu kama anaomba mkopo, halafu anadai dosie ya jirani kama ni haki yake.

3. Barua niandike kwa Kifaransa au kwa Kiswahili?

Lugha rasmi ni Kifaransa, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha 4 za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Chiluba. Mapokezi watakaoisoma wamezoea Kifaransa, na barua ya Kifaransa haiwapi kisingizio cha kuikataa. Ninachofanya ni kuandika kwa Kifaransa, kisha kumsomea mwenye barua kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kabla ya kusaini.

Jambo ambalo wachache wanalijua: kifungu cha 142 cha Katiba kinaitaka serikali itangaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zote 4 za taifa ndani ya siku 60 tangu ilipotiwa sahihi. Ukimwuliza mtu wa biro yuko wapi Kiswahili cha sheria anayokutajia, muulize kwa upole.

4. Barua yenyewe inakaaje?

Fupi. Juu kushoto weka jina lako, anwani na simu. Kulia weka mji na tarehe. Chini yake mtaje unayemwandikia kwa cheo, si kwa jina, maana watu wanahamishwa: "Kwa Bwana Bugumesta wa Komini ya Katuba". Halafu mstari mmoja wa kichwa cha barua, unaosema ombi lote. Halafu aya moja, kwa mfano: "Kwa kutegemea vifungu vya 24 na 27 vya Katiba, naomba nakala ya bajeti ya komini ya mwaka 2024 na ya taarifa ya matumizi yake." Usiandike "habari zote kuhusu pesa". Anayeomba zote hapewi hata moja. Taja karatasi, mwaka, na namba kama unayo.

Chapa nakala mbili. Ya kwanza inabaki kwao. Ya pili ndiyo mali yako: mapokezi wanagonga kashe, wanaandika tarehe na namba ya kuingia, na aliyepokea anaandika jina na kusaini. Hiyo tunaiita akize. Bila akize ile miezi 3 haijaanza kuhesabiwa.

Mama mmoja anayeuza chikanda pale soko la Kenya, komini ya hapa mjini, alirudi kwangu akifurahi.

"Wamepokea vizuri sana, baba. Wameniambia, 'Mama, acha tu hapo, shefu ataiona.'"

"Na nakala yako iko wapi?"

"Nimewaachia zote mbili."

Nikamwambia ameacha karatasi, hajaacha barua. Tulichapa tena, akarudi nayo asubuhi, akasimama mbele ya meza mpaka kashe ikagongwa. Alipita kunionyesha: wino wa zambarau, namba imeandikwa kwa bic juu yake. Akize yake ameiweka ndani ya plastiki.

5. Ni franka ngapi?

Bei halali ina njia yake. Kama kuna kitu cha kulipia, wanakuandikia karatasi ya kutoza inayoitwa "note de perception", unalipa benki, unarudi na bordero, ile risiti ya benki. Pesa za Serikali kuu za namna hii zinapitia ofisi ya mapato ya DGRAD, za mkoa wetu zinapitia ya DRHKAT. Pesa uliyompa mtu mkononi bila karatasi haikuingia kwa Serikali, ilimwingia yeye.

Sisemi usitoe kamwe, najua watu wana watoto kasho (mahabusu) na muda hauwasubiri. Nasema omba karatasi kwanza, kwa sauti ya kawaida: "Shefu, naomba note niende benki." Mara nyingi bei hushuka palepale, na mara nyingine hupotea kabisa.

## Polisi na parke

6. Ndugu yangu amekamatwa jana usiku. Nitajuaje kosa lake?

Kifungu cha 18 cha Katiba kinakupa maneno ya kusema. Aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kuwasiliana na familia yake na avoka wake mara moja. Polisi hawawezi kumweka zaidi ya saa 48. Zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya wakuu wa sheria.

Ukifika, usianze na kelele. Uliza mambo matatu na uyaandike: jina la OPJ (afisa wa polisi anayesikiliza dosie), kosa lililoandikwa, na saa aliyoingia kasho kama ilivyo kwenye daftari. Saa hiyo ndiyo muhimu. Ukiwa na "Jumanne saa 4 usiku", Alhamisi saa 4 usiku unajua unasimama wapi. Usipokuwa nayo, kila siku watakuambia ameletwa jana.

Akipelekwa parke, ofisi ya waendesha mashtaka, karatasi zinabadilika. Magistra wa parke anaweza kuandika manda (hati) ya kumkamata kwa muda (ile wanayoita MAP), na kwa mji kama wetu, ambako hakimu yuko palepale, anatakiwa kumfikisha mbele ya hakimu ndani ya siku 5. Hakimu akikubali abaki ndani, ordonansi (amri) ya kwanza ni ya siku 15, kisha inaweza kurefushwa mwezi kwa mwezi. Kwa hiyo swali lako linakuwa: "Yuko ndani kwa karatasi gani, na inaisha lini?" Akiwa Kasapa, ofisi ya makarani wa gereza ndiyo yenye jibu, na hapohapo chukua namba ya RMP (swali la 13).

7. PV ni nini, na naweza kupewa nakala?

PV, "procès-verbal", ni karatasi ambamo OPJ anaandika alichokiona na mlichosema. Wakati uchunguzi unaendelea hutapewa nakala kwa urahisi, hata kama ni wewe uliyeshtaki. Dosie ikishapangiwa siku ya kusikilizwa, wahusika na avoka wao wanaweza kuisoma kwa makarani wa mahakama. Ndiyo maana nasema: plenti (malalamiko) yako iandike wewe, uipeleke kwa barua yenye akize. Hiyo ni nakala ambayo hakuna wa kukunyima.

Lakini hatari kubwa ya PV iko kwenye kusaini. Unaongea Kiswahili cha Katuba, OPJ anaandika Kifaransa. Kijana mmoja alisema "nilimsukuma". Kwenye karatasi ikawa "je l'ai frappé", nimempiga. Maneno mawili yale yanatofautiana miezi kadhaa ya kifungo. Kabla ya kusaini, sema: "Shefu, naomba unisomee kwa Kiswahili." Kama kuna kosa, lisahihishwe na nyote muweke sahihi pembeni ya masahihisho. Akikataa kusahihisha, unaweza kukataa kusaini, na yeye ataandika kwamba umekataa. Tabia ya kusaini ili "tumalize twende nyumbani" imejaza watu Kasapa.

8. Nimegongwa na gari. Karatasi gani nitafute?

Ile ya polisi ya barabarani, PCR. Siku hiyohiyo, kama hujiwezi mtume mtu, pata namba ya PV, jina la aliyeiandika, biro yake, namba ya gari na jina la kampuni ya bima. Zamani bima ilikuwa SONAS peke yake. Tangu sheria ya 17 Machi 2015 kuna kampuni nyingine, kwa hiyo angalia karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha gari na uipige picha kabla gari halijaondolewa.

Bila PV, bima haikusikilizi. PV ikishakwenda parke, kuiomba ni kwa barua, ukiambatisha karatasi ya daktari. Na usikubali "tupatane" ya barabarani bila karatasi. Mguu unaoonekana umechubuka tu unaweza kuvimba kesho.

9. Nimepoteza kadi.

Omba karatasi ya upotevu ("attestation de perte"), siku ileile. Kadi ya uchaguzi ndiyo kitambulisho cha wengi wetu, na mtu mwingine akiitumia wewe ndiye utakayeitwa. Ukiwa na fotokopi yake ya zamani kazi inakuwa nyepesi mara mbili.

10. Naweza kuomba dosie ya polisi ya jirani, ya mpangaji au ya mchumba wa binti yangu?

Hapana. Katiba inamhesabu mtu kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho, na kifungu cha 31 kinalinda maisha yake ya faragha. Kodi ("code", kitabu cha sheria) ya dijitali ya 13 Machi 2023 imeongeza sheria juu ya habari binafsi za watu. Akikuonyesha mtu dosie ya mwingine kwa pesa, jua kesho ataonyesha ya kwako kwa bei hiyohiyo.

Unachoweza kufanya ni kumwomba mwenyewe akuletee karatasi za swali la 11, au kwenda kusikiliza kesi yake kama ipo mahakamani (swali la 14).

11. Kazini wanataka "casier". Komini imenipa ya mwenendo mwema. Si kitu kimoja?

Si kimoja. "Attestation de bonne vie et mœurs" inatolewa na komini unayokaa. Inasema unajulikana pale na tabia yako haina lawama. "Extrait de casier judiciaire" inatoka upande wa sheria, na inasema kama umewahi kuhukumiwa. Kampuni za migodi mara nyingi zinataka zote mbili, tena mpya. Kukamatwa na kuachiliwa si hukumu, kwa hiyo kulala kasho siku mbili hakupaswi kuonekana humo.

12. Aliyenitendea ubaya ni polisi mwenyewe. Nikashtaki kwa polisi?

Dosie yake haitakuwa kwenye parke ya raia. Kwa kifungu cha 156 cha Katiba, makosa ya wanajeshi na ya polisi yanahukumiwa na mahakama za kijeshi, kwa hiyo plenti inakwenda Oditora, ile parke ya kijeshi. Watu wanapoteza miezi wakizunguka parke wakiambiwa "dosie haipo", na ni kweli haipo, kwa kuwa iko nyumba nyingine.

Sambamba unaweza kuandikia Inspeksheni ya Polisi, ambayo sheria ya polisi ya 11 Agosti 2011 imeiweka, na ofisi ya mkoa ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, CNDH, iliyoundwa kwa sheria ya 2013. Andika saa, mahali, namba ya gari, rangi ya uniforme. Jina kama unalo.

## Mahakamani

13. Namba hizi RMP, RP, RC, zinamaanisha nini?

Hizi ndizo funguo. RMP ni namba ya dosie ikiwa parke. Dosie hiyohiyo ikifika mahakamani inapata namba mpya: RP kwa kesi ya jinai. Kesi ya madai, kama deni au nyumba, ni RC. Ukiona A mwishoni, RPA au RCA, ni rufaa. Mtu mmoja anaweza kuwa na namba tatu kwa jambo moja, na karani wa RP hatafuti kwa RMP.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la kurasa 48, andika kila namba siku uliyoipata na aliyekupa. Jina la mtu karani anaweza kukosea kuliandika. Mutombo wako wangapi katika mji huu? Namba ni moja.

14. Naweza kuingia kusikiliza kesi isiyonihusu?

Ndiyo. Kifungu cha 20: mahakama zinasikiliza hadharani, isipokuwa ikiamriwa vingine kwa ajili ya utulivu au maadili. Kaa kimya, zima simu, usirekodi bila ruhusa. Orodha ya kesi za siku hubandikwa mlangoni, wakati mwingine chini ya tangazo la zamani. Inua uangalie.

15. Hukumu imesomwa. Nakala napataje?

Kwa makarani wa mahakama iliyohukumu, ukitaja namba na tarehe ya kusomwa, na kulipa kama swali la 5. Taja unataka ipi. Nakala ya kawaida inakutosha kusoma na kwenda rufaa. "Grosse" ndiyo yenye nguvu ya kutekelezwa, anapewa aliyeshinda.

Usisubiri nakala ndipo ukate rufaa. Kwa jinai una siku 10, kwa kawaida tangu hukumu iliposomwa mbele yenu. Kwa madai ni siku 30 tangu ulipojulishwa hukumu rasmi. Makarani wanaweza kuchukua wiki kuchapa, na siku zako haziwasubiri. Rufaa unaitangaza palepale kwa karani, sababu zitafuata.

## Komini na parseli

16. Mtoto wangu hana cheti cha kuzaliwa.

Sheria ya familia kama ilivyobadilishwa 15 Julai 2016 inakupa siku 90 tangu kuzaliwa kumwandikisha komini. Nenda na karatasi ya hospitali. Siku zikipita unahitaji kwanza hukumu ya mahakama ("jugement supplétif"), ndipo komini iandike. Hii ni kwa mtu mzima pia. Kama uliandikwa zamani na umepoteza karatasi tu, usikubali kutengenezewa hukumu mpya: omba daftari la mwaka wako litazamwe, kwenye komini ulikozaliwa, si unakokaa.

17. Nataka kununua parseli (kiwanja). Nitajuaje mwenyewe ni nani?

Hapa ndipo nimeona watu wazima wakilia kwenye kile kiti. Muuzaji anakuletea "fiche parcellaire" yenye kashe ya komini, unaona kashe, unaona sahihi, unatoa pesa. Fishi ile inasema nani alikuwa anakaa pale siku ilipoandikwa. Haisemi nani mwenye haki.

Kwa sheria ya 20 Julai 1973, ardhi yote ni ya Serikali. Mtu anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha kuandikishwa, "certificat d'enregistrement". Cheti kinaandikwa mara mbili: kimoja anapewa mtu, kingine kinabaki katika kitabu cha Konservatee (msajili) wa hati za ardhi. Siri iko hapo. Usichunguze karatasi ya muuzaji, chunguza pacha wake aliyelala kwenye kitabu. Mwandikie Konservatee barua, taja namba ya kadasta ya parseli na namba ya cheti (kitabu na ukurasa), uliza iko kwa jina la nani, na kama ina rehani au pingamizi. Hakikisha pia ni konservasheni inayohusika na eneo hilo, maana mji umegawanywa.

Kipindi cha miaka 2 kina uzito wake. Cheti kikipita miaka hiyo bila kupingwa mahakamani, haki ya mwenye jina haitikisiki tena. Kwa hiyo ukisikia mtu ameandikisha ardhi ya familia yenu, usingoje kikao cha matanga.

Halafu nenda kwa majirani wa pande zote, na kwa shefu wa kartie (mtaa). Hawana cheti, ila wanajua ni nani aliyepanda ule mwembe.

## Pesa za umma na migodi

18. Kampuni zinachimba hapa kila siku. Naweza kujua komini au shefferi (eneo la chifu) yetu inapata ngapi?

Unaweza kuuliza, na una takwimu za kusimamia. Kodi ("code", kitabu cha sheria) ya migodi iliyorekebishwa 9 Machi 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 Serikali kuu, 25 mkoa, 15 komini, sekta au shefferi ambako uchimbaji unafanyika, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hapo, kampuni inatenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka.

Barua yako iulize: kiasi kilichopokelewa cha ile 15, kwa mwaka gani, kwenye akaunti ya benki gani, na uamuzi wa matumizi. Kisha mwandikie mpokeaji na mlipaji. Majibu mawili yakitofautiana, una la kumwuliza diwani wako.

19. Kandarasi za migodi si siri?

Dekreti ya 20 Mei 2011 inataka kila kandarasi ya maliasili itangazwe ndani ya siku 60. Vibali viko kwenye ramani ya Kadasta ya Migodi, CAMI, na ripoti za ITIE, mpango wa uwazi wa migodi, zinaonyesha malipo. Kitu cha karibu zaidi na wanakijiji ni "cahier des charges", orodha ya ahadi za kampuni: shule, kisima, barabara. Omba nakala yenye sahihi. Ahadi za mkutanoni zilizosemwa kwa kipaza sauti hazina ukurasa.

## Yanapokuwa magumu

20. Miezi 3 imepita, hawajajibu.

Andika barua ya kukumbusha, ukiambatisha fotokopi ya akize, na nakala kwa mkubwa wa yule mkubwa: kama ni bugumesta, nakala kwa meya; kama ni meya, nakala kwa gavana. Mara nyingi neno "nakala kwa" linafanya kazi kuliko vifungu. Pia diwani au mbunge wa mkoa anaweza kuuliza swali lako barazani, na CNDH inapokea malalamiko. Mahakama za kiutawala zipo kwa sheria ya 15 Oktoba 2016. Huko nenda na avoka, na mapema, maana nako kuna siku zinazohesabiwa.

21. Wanasema dosie imepotea.

Limenikuta mimi. Baba alipofariki, tulikwenda kwenye biro moja, sitaitaja, kutafuta dosie ya parseli yake. Karani alifungua kabati, akafunga, akasema panya. Tulizunguka karibu mwaka. Kilichotuokoa ni kopo la maziwa ya unga ambamo baba aliweka karatasi: bordero mbili za benki na akize moja iliyofifia, namba inasomeka bado. Kwa namba ile daftari la kuingia lilionyesha dosie ilipokelewa siku gani na ikapelekwa meza ipi. Panya hawali daftari na dosie kwa pamoja.

Kwa hiyo ukiambiwa imepotea, usiombe dosie, omba mstari wake kwenye daftari la kuingia. Kisha andika kuomba dosie itengenezwe upya, ukiambatisha nakala zako zote.

22. Kuna karatasi ambazo sitapewa hata nikifanya nini?

Zipo. Za usalama wa taifa na za ujasusi, uchunguzi unaoendelea, habari za wagonjwa, mashauri ya mahakimu wakiwa faragha. Lakini "ni siri" nayo ni jibu: iombe kwa maandishi, pamoja na kifungu wanachokitegemea.

23. Niko nje ya nchi.

Mpe ndugu karatasi ya uwakilishi ("procuration") inayotaja kazi moja tu: kuomba karatasi fulani. Uithibitishe ubalozini. Usiandike "afanye yote kwa jina langu", parseli zimeuzwa kwa sentensi hiyo.

24. Naweza kupiga picha ya daftari kwa simu?

Omba ruhusa kwanza. Wakikataa, nakili kwa mkono. Ukurasa una majina ya wengine pia.

25. Babu alifanya kazi Union Minière. Naweza kupata dosie yake?

Union Minière, kampuni ya migodi, ilianza 1906, ikataifishwa 1967, ikawa baadaye Gécamines. Kwa hiyo anza kwa Gécamines, kwa barua kama ya swali la 4. Sehemu ya nyaraka za kampuni ya zamani ziko Brussels, kwenye nyaraka za taifa za Ubelgiji, na huko wanajibu wanaoandika. Kote wataanza na swali moja: matrikule yake (namba yake ya kazi) ni ngapi? Jina lake huenda liliandikwa kwa namna tatu. Mzee mmoja hakuwa na kitu ila picha ya harusi ya 1954, imepasuka pembeni. Tuligeuza nyuma, na pale chini ya jina la mpiga picha, kwa penseli, palikuwa na tarakimu tano.